Stata Inazunguka, Injini Haiwaki: Tuanzie Wapi?

(Maneno yaliyosemwa bwaloni na mmoja wa wanafunzi wa zamani, siku ya kukutana, mbele ya walimu, wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa.)



Katika siku kama ya leo aghalabu husimama daktari, au meneja, au mbunge, akatueleza jinsi alivyopanda ngazi. Mimi ni fundi wa magari. Nina gereji yangu Tanga, na kwa zaidi ya miaka thelathini kazi yangu imekuwa kuinamia injini za watu. Kamati iliponitaka niseme jambo la kuwafaa vijana, niliona si vema niwasomee habari za maisha yangu. Heri nizungumze juu ya swali moja ambalo huletwa gerejini karibu kila juma. Gari ni la zamani. Ukigeuza ufunguo, stata inazunguka vizuri. Lakini injini haiwaki. Je, tuanzie wapi?

Najua wako wanaonong'ona huko nyuma: "Mzee huyu amechelewa, magari ya siku hizi yana kompyuta." Ni kweli, nami nayatengeneza hayo pia. Lakini tazameni barabara za vijijini kwetu. Pikapu za Peugeot 504, Land Rover na Datsun za zamani bado zinabeba makabichi, mifuko ya saruji na wagonjwa. Hiyo 504 ilionyeshwa kwanza Ufaransa mwaka 1968. Wenzangu wa rika langu wataikumbuka katika mashindano ya Safari Rally, ambako ilishinda mwaka 1975 na tena mwaka 1978. Kabla yake ndugu yake, 404, ilishinda mwaka 1966 na 1967 ikiendeshwa na Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa hapa Tanzania. Basi nitaichukua 504 ya petroli, yenye kabureta, iwe mfano wetu. Ukiielewa hiyo, nyingine za rika lake hazitakusumbua. Gari la dizeli lina mlango wake, nao leo sitaubisha.

Neno langu ni moja tu, nami nitalisema mapema ili hata atakayesinzia aondoke nalo. Gari lililokataa kuwaka haliponi kwa kubadilishiwa vyombo ovyo ovyo. Hupona kwa kuulizwa maswali kwa utaratibu. Pima kwanza, nunua baadaye.

MAMBO MANNE

Wadogo zangu, haya mnayasoma darasani. Tangu Mjerumani Nikolaus Otto alipofanikiwa kuiendesha injini yake ya mapigo manne mwaka 1876, injini ya petroli inataka mambo yale yale. Inataka petroli iliyochanganyika na hewa kwa kipimo. Kwa uzito, hewa sehemu kama 14.7 kwa sehemu moja ya petroli. Inataka mchanganyiko huo ubanwe na pistoni. Inataka cheche ya kuuwasha. Na inataka cheche hiyo ije kwa wakati wake, isitangulie mno wala isichelewe. Petroli na hewa, mbano, cheche, na wakati. Hayo manne yakitimia sawasawa, injini haina hiari, itawaka. Ikiwa haikuwaka, basi moja katika hayo limekosekana au limepungua. Kazi ya fundi ni kujua ni lipi. Asiyejua anatafuta nini atafungua kila nati, na mwisho atakuwa na matatizo mawili: lile alilolikuta na lile alilolileta.

MGONJWA HUULIZWA KWANZA

Daktari hamchomi mgonjwa sindano kabla ya kumwuliza anaumwa wapi. Nawe mwulize mwenye gari. Lilizimika ghafla, kama taa iliyozimwa? Hapo mashaka yangu huanza upande wa umeme. Lilikohoa, likavutavuta, likapoteza nguvu kidogo kidogo, ndipo likazimika? Hapo natazama upande wa petroli. Lilipita kwenye maji? Petroli ilinunuliwa wapi, kituoni au katika chupa kando ya njia? Na swali linalosahauliwa kuliko yote: nani aligusa injini hii mara ya mwisho, na aligusa nini? Mara nyingi jibu la swali hilo ndilo jibu la kazi yote.

Kisha tia gari katika gia huru, vuta breki ya mkono, piga stata, usikilize. Stata ikijikokota, usiende mbele. Shughulikia betri na vichwa vyake. Betri nzima ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma kama volti 12.6. Ukipiga stata isishuke chini ya volti 9.6 au 10. Ikishuka zaidi, stata inaweza kuzunguka na koili ikakosa nguvu ya kutosha kutoa cheche. Wengi huvunja kichwa juu ya kabureta kumbe ni kichwa cha betri kilichoota ukungu wa kijani.

Ukiisikia injini inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, bila ule mdundo wa kubana na kuachia, kumbuka sauti hiyo. Nitairudia baadaye.

Wala msipige stata mfululizo kama watu wanaopiga kengele ya shule. Sekunde kumi zatosha. Pumzisha nusu dakika au zaidi, ndipo ujaribu tena. Stata hupata joto, betri hufa, na unabaki na gari la kusukuma.

PLAGI MOJA, MAJIBU MAWILI

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Baada ya kupiga stata sekunde chache, fungua plagi moja. Tazama ncha yake: imelowa petroli au ni kavu? Hilo ni jibu la kwanza. Ifute, uichomeke kwenye waya wake, ulaze mwili wake kwenye chuma cha injini, mbali na tundu ulilolifungua na mbali na petroli yoyote. Ishike kwa koleo lenye mpira, mwenzako apige stata. Je, inaruka cheche? Ya bluu na kali, inayosikika ikilia, au ya manjano na dhaifu? Hilo ni jibu la pili.

Kwa kazi hiyo ya dakika tano umeigawa injini nzima. Plagi imelowa na cheche hakuna: tatizo ni umeme, iache kabureta ya watu. Plagi kavu na cheche ipo: tatizo ni petroli, iache koili. Plagi imelowa na cheche ni kali: ama petroli imezidi, ama cheche inakuja wakati usio wake, ama mbano hautoshi. Na je, plagi ikiwa kavu na cheche pia hakuna? Vijana wengi husema, "Basi yameharibika mawili." Yawezekana, lakini ni nadra mambo mawili kufa saa moja. Uliza ni kitu gani kimoja kinachotumikia yote mawili. Katika 504 ni kamshafti. Hiyo ndiyo inayozungusha distributa, ndiyo inayosukuma pampu ya petroli, na ndiyo inayofungua valvu ili injini ivute hewa. Fungua kofia ya distributa, mwenzako apige stata, utazame rota. Ikiwa stata inazunguka na rota imesimama, cheni ya taimingi imekatika. Na ile sauti nyepesi niliyowaambia mwikumbuke ilikuwa inakueleza habari hiyo hiyo.

Naomba mwone jambo hilo kwa makini. Hatujanunua kitu. Tumetumia spana ya plagi, koleo, macho na masikio.

CHECHE INAKOPOTELEA

Koili ya gari ni somo la sumaku na umeme lililofungwa ndani ya kopo. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku inayobadilika huzaa umeme katika waya ulio karibu. Ndani ya koili mna waya mnene wa mizunguko michache na waya mwembamba wa mizunguko mingi mno. Umeme wa volti 12 unapita katika ule mnene. Ukikatwa ghafla, ule mwembamba hutoa maelfu ya volti, 20,000 au hata zaidi, na hizo ndizo zinazoruka kwenye plagi. Anayeukata ni pointi, yaani vile vidomo viwili ndani ya distributa vinavyogusana na kuachana.

Chukua balbu ya volti 12 iliyoungwa nyaya mbili. Mwisho mmoja ushike chuma cha injini. Washa swichi, gusa upande wa koili unaopokea umeme. Balbu isipowaka, umeme haufiki: tazama fyuzi, swichi na nyaya. Ikiwaka, hamia upande wa pili wa koili, ule uendao kwenye distributa, na mwenzako apige stata. Balbu ikipepesa, pointi zinafanya kazi. Ikiwaka moja kwa moja bila kupepesa, pointi hazifungi: ni chafu, zimeachana mno, au waya wake umekatika. Isipowaka kabisa, ama pointi hazifunguki au kuna waya unaogusa chuma, ama koili yenyewe imekatika ndani. Balbu moja ya bei ndogo imekujibu mambo mengi hivyo.

Pointi chafu zisuguliwe kwa msasa laini na kufutwa kwa kitambaa kikavu. Nafasi yake katika magari mengi ya namna hii ni kama milimita 0.4, lakini fuata kitabu cha gari lako. Zikiwa zimeungua sana na cheche ni ya manjano, mshuku kondensa. Balbu ikipepesa na cheche bado hakuna, tazama kofia ya distributa: ufa mwembamba kama unywele, unyevu, au kile kijiti cha kaboni cha katikati kilichokwisha. Tazama na rota. Na gari likiwaka wakati ufunguo uko kwenye stata, kisha likazimika mara tu uuachiapo, baadhi ya magari yana kizuizi cha umeme kabla ya koili. Hicho ndicho cha kupima.

Nitatoa mfano wa kweli. Mama mmoja wa milima ya Usambara ana pikapu ya 504 inayoshusha mboga kutoka Lushoto hadi Mombo. Wanaoijua barabara ile wanajua kona zake. Kijijini kwao pikapu ile ndiyo pia gari la wagonjwa usiku. Siku moja ilikataa kuwaka. Gereji moja iliibadilishia plagi, kisha koili, kisha pampu ya petroli, na mwisho kabureta nzima. Ikakaa siku kumi na tisa. Mama alikuwa amekwisha kuuza ng'ombe wawili. Katika siku hizo mama mjamzito alibebwa kwa machela usiku hadi barabara kubwa. Kwa rehema za Mungu alifika salama.

Nilipoitwa, plagi ilikuwa imelowa na cheche hakuna. Balbu iliwaka upande wa kwanza wa koili. Upande wa pili iliwaka bila kupepesa. Ndani ya distributa kuna kijiwaya kifupi kinachopeleka umeme kwenye pointi. Kijiwaya hicho hucheza kila mara, kwa sababu bamba la pointi husogea injini inapoongeza mwendo. Ngozi yake ya nje ilikuwa nzima, lakini shaba ya ndani ilikuwa imekatika. Nilikifungua, nikaunga kipande kingine laini, na pikapu ikawaka. Kazi yote ilichukua muda usiofika saa moja. Vyombo vile vinne vipya havikuwa vibovu. Vilikuwa si jibu la swali lililoulizwa. Sikuwa na akili kuliko wale mafundi. Nilikuwa na balbu, nami niliitumia kabla ya mfuko wa yule mama.

PETROLI INAKOPOTELEA

Tukutane sasa na plagi kavu yenye cheche nzuri. Kwanza, je, petroli imo? Msicheke. Geji ya gari la zamani husema uongo bila aibu. Fungua kifuniko cha tangi na utazame. Ukisikia hewa inavutwa kwa nguvu unapofungua, kifuniko kimeziba tundu lake la kupumulia; petroli ilikuwa imeng'ang'aniwa tangini kama maji katika chupa iliyopinduliwa.

Halafu fungua chujio la hewa, uchungulie koo la kabureta, injini ikiwa imezimwa. Vuta ekseleta kwa mkono. Petroli ikiruka kwa uzi mwembamba, kabureta ina akiba. Isiporuka, toa mpira unaoingia kwenye kabureta, uelekeze ndani ya chupa, ondoa waya wa koili ili cheche isiwepo, kisha upigwe stata kidogo. Petroli itoke kwa mapigo yenye nguvu. Isipotoka, rudi nyuma hatua kwa hatua: chujio, pampu na kiwambo chake, mpira uliopasuka unaovuta hewa badala ya petroli, uchafu wa tangi. Ikitoka vizuri na bado plagi ni kavu, tatizo limo ndani ya kabureta: sindano ya boya imekwama au vitundu vimeziba.

Hiyo petroli ya chupani usiimwage. Iache itulie na uitazame kwenye mwanga. Maji ni mazito kuliko petroli. Yakiwemo yatakaa chini kama tone la kioo. Hapo unajua lawama si ya gari.

Ziko na tabia za nchi. Gari lililopanda mlima mkali mchana, likasimama kidogo na kukataa kuwaka, huenda petroli imegeuka mvuke katika bomba na pampu. Subiri lipoe, au weka kitambaa kilicholowa maji juu ya pampu na bomba. Asubuhi ya baridi ya Njombe au Lushoto injini itataka choki. Lakini ukivuta choki kwenye injini yenye moto, au ukikanyaga ekseleta mara kumi kwa hasira, utaizamisha kwa petroli. Ikitokea hivyo, rudisha choki, kanyaga ekseleta hadi chini, uishike hapo bila kuchezesha, upige stata. Hewa nyingi itaikausha.

WAKATI NA MBANO

Plagi imelowa, cheche ni kali, na petroli haikuzidi: sasa uliza habari za wakati. Injini ikipiga chafya kwenye kabureta au kulipuka kwenye ekzosi, tazama nyaya za plagi. Katika 504, na katika injini nyingi za silinda nne, mpango wa kuwaka ni 1, 3, 4, 2. Nyaya mbili zikibadilishana nafasi yatosha kuleta msiba. Kwa hiyo usivue nyaya bila kuzitia alama. Tazama pia kama nati inayokaza distributa imelegea, nayo ikageuka.

Mwisho ni mbano. Vua plagi zote, ondoa waya wa koili, kanyaga ekseleta hadi chini, pima kwa geji. Asiye na geji na azibe tundu kwa kidole gumba. Mbano mzuri hukisukuma kidole kwa nguvu. Kwa geji, injini nyingi nzima husoma kati ya pauni 130 na 170 kwa inchi ya mraba. Chini ya 100 pana shida. Na silinda moja ikiachwa mbali na wenzake, pana shida hapo. Tia kijiko kimoja cha oili katika tundu, upime tena. Kipimo kikipanda, ringi zimekwisha. Kisipopanda, ni valvu au gasketi ya kichwa.

Hapo pana jambo ambalo wazee wa ufundi hawakulijua. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye risasi kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006. Ni jambo jema, maana risasi ile ilidhuru ubongo wa watoto. Lakini risasi hiyo ilikuwa pia ikilinda makalio ya valvu katika baadhi ya injini za zamani zenye vichwa vya chuma cha kawaida. Injini za namna hiyo zikibebeshwa mzigo siku nyingi, valvu hujichimbia ndani ya kalio lake, nafasi yake hupotea, ikawa haifungi sawasawa. Basi kagua nafasi za valvu mara kwa mara.

YASIYOFAA

Mwalimu Mkuu ameniambia niwe mfupi, lakini hili siwezi kuliruka. Msimimine petroli kwenye koo la kabureta huku mwenzenu akipiga stata. Najua wengi hufanya hivyo, na mara nyingi gari huwaka. Lakini injini ikipiga chafya, moto hurudi juu, nayo chupa imo mkononi mwako. Yuko kijana aliyejifunza kazi jirani na gereji yangu ambaye mpaka leo mkono wake wa kulia haufungi vizuri kwa ajili ya kovu. Msinyonye petroli kwa mdomo kwa mpira. Ikiingia mapafuni inaweza kuua. Msivute sigara. Msipime cheche juu ya injini iliyomwagikiwa petroli. Na magari yaliyofungwa vifaa vya elektroniki badala ya pointi msiyapime kwa kuacha waya wa plagi ukining'inia hewani. Kile kifaa huungua, nacho ni ghali.

KWA WADOGO ZETU

Kijana mmoja wa kidato cha nne aliniuliza asubuhi hii kama elimu hii ina maana tena, iwapo fundi wa leo huchomeka mashine na kusoma namba ya kosa. Nilimjibu hivi. Mashine husema kwamba umeme wa kifaa fulani ni mdogo. Haisemi kama kifaa kimekufa, au waya wake umekatika, au betri imechoka. Anayenunua kifaa kwa sababu mashine imekitaja ni ndugu wa yule aliyenunua kabureta kwa sababu gari halikuwaka. Injini ya sindano za petroli na kompyuta nayo inataka petroli na hewa, mbano, cheche, na wakati. Mlango umebadilika rangi, nyumba ni ile ile.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Kilichoundwa na mtu kina utaratibu, na chenye utaratibu kinaweza kuulizwa. Maabara yenu ya fizikia ina betri, nyaya na balbu. Mkiyaelewa hayo, mmekwisha kuanza ufundi. Na ninyi wenzangu wa zamani mlio na magari, wekeni ndani yake vitu hivi: spana ya plagi, koleo lenye mpira, balbu ya volti 12 yenye nyaya, msasa laini, kitambaa kikavu, na chupa tupu ya kioo. Havijazi hata mfuko mmoja wa rambo.

Ndugu Mwenyekiti, kwa idhini ya Mwalimu Mkuu nimeleta distributa moja ya zamani, koili na kondensa, vyote vizima, vikae maabara. Vijana wavifungue, wavivunje ikibidi, na wavifunge tena. Baada ya chakula nitakuwa pale chini ya mwembe na pikapu yangu ya 504. Nimelegeza kitu kimoja, haiwaki. Balbu na spana ya plagi ziko juu ya bodi. Atakayeiwasha aniambie si tu alichokifunga, bali maswali aliyoyauliza, na kwa mpango gani.